Likirudi, Lirudi

Jumamosi, 4 Machi

Mti umefika. Si mti hasa — kichaka tu, kinanifika kiunoni, mizizi imefungwa kwenye gunia. Muuza miche ameuleta mwenyewe kwa mkokoteni. Watu wanamwita Bwana Miche na yeye haoni vibaya. Majani ni ya kijani katikati na meupe pembeni, weupe wa kuelekea manjano, kama sahani yenye ukingo. Hayapukutiki, kiangazi wala masika. Ndiyo maana niliutaka. Kitu kitakachokuwepo kila siku, mume wangu akifungua dirisha akione.

Daktari alisema mwezi wa kwanza, mbele yetu wote wawili: ini limebaki kipande. Akirudia pombe, mama, andaa mazishi. Akasema pia, mpe mikono yake kazi. Mtu aliyezoea chaki asubuhi na chupa jioni, akikosa vyote viwili ataokota kimojawapo. Chaki haipo tena, amestaafu. Kwa hiyo mti.

Mwalimu — hata mimi namwita hivyo, tangu tuoane — amechimba shimo mwenyewe, akipumzika kila baada ya majembe machache. Amelichimba ukutani, nyuma ya tangi la maji. Mimi nilitaka mbele ya dirisha. Kasema mbele jua ni kali, pembe za majani zitaungua. Haya.

Jumapili, 5 Machi

Bwana Miche alipita tena jana jioni nikiwa kazini. Mwalimu amenipa maagizo aliyoachiwa. Maji asubuhi, si jioni. Majani makavu yatandazwe shinani lakini yasiguse shina. Na tawi likirudi, lirudi.

Nikauliza, lirudi wapi? Kasema wakati mwingine mti wa mabaka huchipua tawi la kijani tupu. Unakumbuka asili yake. Basi likirudi hivyo, lirudi — yaani liache, usilibughudhi.

Nimeandika nisisahau.

Jumapili, 16 Aprili

Mvua imeanza na mti umeshika! Majani mapya yanatoka mawili mawili, ukingo mweupe safi, kama kola iliyotoka kupigwa pasi.

Mwalimu ameugeuza darasa. Nimemsikia asubuhi kupitia dirisha la jikoni: Simameni wima. Wewe wa nyuma, toa mikono mfukoni. Nimecheka peke yangu, mikono kwenye povu.

Anakula. Anamaliza sahani. Kikombe hakitetemeki mkononi. Sitaki kutamka neno, mdomo huponza kichwa. Lakini kuandika si kutamka: leo mchana nimelala usingizi mzito, bila kutega sikio. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Alhamisi, 11 Mei

Mashine kubwa ya kufulia ya hospitali imeharibika, tukaruhusiwa mapema. Nimefika nyumbani nikamkuta Wifi na kikapu chake. Huyu ni dada mkubwa wa Mwalimu. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea, kwa hiyo mimi kwake ni mpangaji tu niliyechelewa kuingia. Huja kila Alhamisi, siku ninayoshinda kazini.

"Ee, wifi! Leo umefukuzwa?"

Nikamwambia bado, naomba aniombee. Akautazama mti. Kasema huu ni mgonjwa, una mabaka kama mbwa wa jalalani. Mwalimu akamweleza kwamba huo ndio uzuri wake.

"Kununua ugonjwa na kuumwagilia maji! Kweli nyinyi mmesoma."

Tukacheka wote watatu. Nilidhani siku itaisha hivyo. Lakini nilipomsindikiza alisimama langoni, akashusha sauti. Mwili wa mdogo wake umerudi, kasema, roho haijarudi. Nimemgeuza mfungwa.

"Mfungwa aliye hai, wifi," nikamwambia.

"Hai kwako wewe."

Jumapili, 18 Juni

Tawi limerudi! Upande wa ukutani. La kijani tupu, nene, limenyooka kama rula. Jani lake moja ni sawa na mawili ya yale mengine. Nimemwita Mwalimu kwa sauti, nikaona hashangai. Alikwisha kuliona.

Kasema: likirudi, lirudi. Tumeliacha. Kusema kweli linapendeza. Ukilitazama, kisha ukayatazama haya ya mabaka, hujiulizi lipi lina afya.

Jumatano, 12 Julai

Mfanyakazi mpya kaweka maji ya moto kwenye mablanketi ya wadi ya watoto. Yote yamerudi. Blanketi la kitanda limekuwa la mwanasesere. Pasi akaliinua juu watu wote waone. Tunamwita Pasi kwa kuwa ndiye anayepiga pasi, na ulimi wake unaunguza vilevile. Kasema hili tumpe daktari mkuu, afutie miwani. Nimecheka hadi nikakaa sakafuni. Halafu nimekaa kuandika maelezo ya blanketi moja moja, maana mkuu wa chumba cha nguo ni mimi, na aliyecheka ni mimi.

Nyumbani — foronya ya bluu haipo kambani. Mwalimu kasema labda upepo. Upepo gani unaacha shuka, unaacha taulo, unachukua foronya?

Jumapili, 6 Agosti

Nimefua nguo zake. Kila suruali ina udongo magotini, ule mwekundu wa nyuma ya tangi. Mikono ya mashati ina utomvu wa majani: doa la kijani linalogeuka kahawia, halitoki ila kwa limau na jua. Mtu anayemwagilia kwa kikombe hapigi magoti.

Nikamwuliza. Napalilia, kasema.

Nimekwenda kutazama. Magugu yanafika kwenye kifundo cha mguu. Nimeyang'oa mwenyewe.

Matawi yaliyorudi ni mengi sasa. Nusu nzima ya mti, ile ya ukutani, ni kijani kizito, huwezi kuona ukuta. Ya mabaka yamebaki mbele tu, kama pazia.

Jumamosi, 26 Agosti

Macho yake. Nimeyaona leo alipoinua uso dirishani. Weupe umeingia njano.

Nikasema Jumatatu twende kliniki. Kasema ni mwanga wa jua tu. Nikamvuta kivulini, nikatazama tena. Kasema huo nao ni mwanga wa kivulini.

Nimecheka. Ameniweza hivyo tangu ujana wetu. Utani ukiingia mlangoni, swali linatokea dirishani.

Jumatatu, 28 Agosti

Hakwenda. Miguu inauma, kasema. Imevimba. Nimebonyeza kwa kidole, shimo limebaki.

Jumapili, 17 Septemba

Ananuka peremende. Asubuhi peremende, mchana peremende. Ana mfuko mzima, Wifi ndiye anayemletea. Kwa ajili ya kichefuchefu.

Nimenusa mito. Nimenusa glasi ya mswaki. Nimenusa mashati kabla ya kuyaloweka, mimi ambaye pua yangu imekula klorini nusu ya umri wangu. Peremende tu.

Nimepekua. Darini, chini ya godoro, ndani ya mabuti ya mvua, juu ya tangi, nyuma ya vitabu vyake vya sarufi. Hakuna. Alikuwa kitini muda wote ananitazama. Nilipomaliza kasema taratibu:

"Umeridhika, Mkaguzi? Shule yangu imefaulu?"

Nikaona aibu. Mtu mgonjwa, nami namfanyia upekuzi. Nikamwomba radhi. Akanipigapiga mkononi, kasema si kitu, mke wangu, kila mtu na kazi yake.

Ijumaa, 13 Oktoba

Bwana Miche. Nimekutana naye asubuhi mbele ya lango la hospitali, analeta maua ya vyungu kwa watu wa mapokezi. Akauliza mti wa Mwalimu haujambo. Nikasema umenawiri, karibu wote umerudi kijani.

Akasimamisha mkokoteni.

"Umerudi wote? Kwani hamkuurudi?"

"Si ulisema tawi likirudi, lirudi? Tumeyaacha yarudi."

Akacheka. Nami nikacheka. Kisha tukaona kila mtu anacheka la kwake.

"Mama! Lirudi — kama unavyomrudi mtoto mtukutu! Likate, tena mapema, pale pale linapoanzia."

Akanieleza palepale barabarani, ameshika jani la ua mkononi. Ule weupe haupiki chakula. Kijani ndicho kinachopika. Kwa hiyo tawi la kijani tupu linashiba kuliko mengine, linayapita, linayazibia jua. Nguvu zake ndiyo hatari yake.

Nikasema basi Mwalimu hakukuelewa.

"Mwalimu asinielewe? Yeye ndiye aliyenifundisha nilichosema!" Kasema Mwalimu alifurahi siku ile kama aliyeokota kitu. Alimshika bega pale langoni: umejisikia, bwana? Msafiri hurudi kwao, nguo hurudi majini, mzazi humrudi mwana. Neno ni lile lile. "Alinieleza mpaka nikatamani kengele ilie."

Nikasema eh.

Akanionya. Nikitaka kuukata sasa, nisiukate kwa mpigo. Ya mabaka yamedhoofika, yamezoea kulishwa na ya kijani. Kata tawi moja, ngoja uone. Kata lingine, ngoja. Ukiyaondoa yote siku moja, unaua kilichobaki.

Nikasema nimesikia. Sijui nilivukaje uwanja. Pasi kaniuliza nani kafa. Nimemjibu, bado.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimengoja anywe chai, alale. Nimechukua mkasi wa bustani, nikazunguka tangi.

Upande wa ukutani nimeyatenga majani kwa mikono miwili. Foronya yangu ya bluu. Imefungwa kwenye panda la tawi, kwa fundo ninalolijua, fundo la Wifi, analofungia kitambaa cha kikapu. Ndani yake chupa. Bapa, za kulala mfukoni. Moja tupu, moja nusu, moja haijafunguliwa, na vitambaa katikati zisigongane. Chini, udongoni, mashimo mawili ya magoti. Kama mahali pa kusalia.

Mti usiopukutisha majani. Na mimi ndiye niliyeuchagua.

Nimekata. Maneno ya Bwana Miche niliyakumbuka yote, neno kwa neno, na mkono ukaendelea. Tawi la kwanza, la pili, yote. Utomvu umenilowesha hadi viwikoni.

Mwalimu katoka na fimbo yake. Kasimama pembeni ya tangi, kaangalia ukuta ulivyo wazi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Niliambiwa lirudi."

"Usinifanye mjinga. Umefundisha sarufi maisha yako yote."

"Ndiyo maana." Hakupandisha sauti. "Kitenzi ni kimoja, mke wangu. Anayesikia ndiye anayechagua."

"Na wewe ulichagua lini?"

Akafikiri, kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa swali zuri. Siku ile ile, kasema. Langoni. Mizizi ilikuwa bado ndani ya gunia.

Chupa nimezimwaga kwenye mfereji wa maji machafu. Alitazama mpaka ya mwisho. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango polepole, kama wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Vimebaki vitawi vichache vya mabaka, vimepinda vikitafuta jua. Mti kama kuku aliyenyonyolewa.

Jumapili, 15 Oktoba

Wifi kaja bila kikapu. Sijui nani kampa habari. Nimemrushia foronya miguuni kabla hajasalimia.

Hakukana. Kaiokota, kaikung'uta, kaikunja vizuri. Kasema mtu mzima alimwomba akilia. Amemlisha kwa kijiko huyu, kamfunga kamba za viatu, leo amwone analia amwambie nenda kamwagilie mti?

"Daktari alisema atakufa!" nikasema.

"Daktari alisema atakufa. Hakusema afe na kiu."

Nikamwambia atoke. Katoka. Langoni kageuka, hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Umekata, wifi. Haya. Sasa kaa naye."

Mwalimu hajala. Jasho linamtoka, na hakuna joto.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mikono. Kikombe kimemponyoka, kimevunjika. Nimemnywesha maji kwa kijiko, nusu imeingia, nusu shingoni. Nimebadili shuka, nikabadili, nikabadili tena. Nilidhani kazi ya shuka naijua.

Anashtuka mlango ukifungwa. Anashtuka nikikohoa.

Pasi ataniombea ruhusa. Hakufanya mzaha wowote.

Majani ya mabaka yamelegea yote. Nimeyapa maji. Hayajali.

Jumanne, 17 Oktoba

Asubuhi nimemkuta amekaa kitandani anaokota sisimizi kwenye shuka. Mmoja mmoja, anawaweka kiganjani. Shuka nyeupe, nimeitandika mwenyewe, haina hata punje ya vumbi. Kauliza kwa ukali nani ameleta sisimizi darasani. Kisha kaniita mama. Si mama wa heshima. Mama yake.

Halafu mwili wote ukakakamaa. Macho juu, meno yamebanana, kitanda kinagonga ukuta. Nimemgeuza ubavu. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini.

Hali ile ilipopita nikampigia Pasi, naye akamtafuta muuguzi mkuu wa wadi. Muuguzi kanipigia mwenyewe. Ameacha lini? Jumamosi. Alikuwa anakunywa kila siku? Nadhani. Ameacha polepole?

"Ghafla," nikasema. "Nilikata mimi."

Kisha kasema kwa upole, na ningependa angenitukana: mama, mwili uliozoea hivyo haukatwi kwa mpigo. Tungemlaza hapa, tungemshusha kidogo kidogo kwa dawa. Gari la wagonjwa linakuja, liko upande wa pili wa mji. Mlaze ubavu. Usimwache peke yake. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni.

Alipokata simu ndipo nilipokumbuka sikuuliza: na asipopoteza fahamu?

Wifi yuko hapa. Sikusikia lango. Alipoingia nilikuwa nimemshika Mwalimu miguu, akamshika mabega, tukamtuliza pamoja bila kusalimiana. Sasa kakaa upande wa pili wa kitanda, kikapu miguuni. Katoa chupa, bapa, kama zile. Hajaifungua. Kasema kifuniko kimoja tu, wifi, kitamshikilia mpaka gari lije. Amewahi kuona kwa baba yao, kilimshikilia. Nikamwuliza na baba yenu alikufa kwa nini. Kasema kwa hicho hicho. Lakini si siku ile.

Kisha kaninyooshea. "Sema wewe. Mimi sibishani tena."

Mwalimu amezinduka. Ananitazama. Macho yote ni manjano sasa, lakini ni yeye aliyemo ndani, si yule wa sisimizi. Midomo inacheza. Nimeinama mpaka sikio langu limegusa ndevu zake.

"Lirudi," kasema.

Nikamwuliza lipi, Mwalimu? Lipi kati ya hayo? Akatabasamu kidogo, kama anaposikia swali zuri kutoka nyuma ya darasa. Mikono imeanza tena kutetemeka juu ya shuka.

Wifi anaangalia dirishani. Gari bado. Daktari alisema mpe mikono kazi. Huu wangu wa kulia unaandika. Wa kushoto umeshika chupa, na kidole gumba kipo kwenye kifuniko